Muulize Dada Fundi: Brauza imeligomea faili, nifanyeje?

Habari za huko jamani. Mwezi huu meseji zilizokuja ni nyingi kuliko kawaida na karibu zote zinazunguka jambo moja, lile onyo linalotokea pale unapopakua faili, brauza (ile programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome) inagoma au inakuuliza kama una uhakika. Nimechagua sita. La kwanza nimelijibu kirefu kwa sababu limenigusa sana, na naomba wenye steshenari wote wa Kigoma mjini walisome.

SWALI: Dada Fundi shikamoo. Mimi nafanya kazi steshenari hapa Mwanga karibu na soko, tuna kompyuta tatu na printa moja. Wateja wanakuja kupakua fomu, matokeo ya NECTA, barua za ajira, maombi ya mkopo wa chuo, wengine programu za laptopu zao. Shida Chrome kila saa inazuia faili inasema ni hatari, mteja kasimama, foleni nyuma inaongezeka. Juzi bosi kaniambia niingie kwenye mipangilio nizime ulinzi wote ili isitusumbue tena. Pa kuzimia nimeshapajua ila roho inasita. Nizime nisizime? (Binti wa Mwanga)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usizime, na asante kwa kusita. Foleni naijua, nimekaa kwenye kiti hicho miaka mitatu kabla sijaanza ufundi, najua mtu anavyokuja gari ya Kasulu inapiga honi na fomu yake haijatoka bado. Ila kompyuta ya steshenari sio sawa na ya nyumbani. Ya nyumbani ukiiharibu umejiharibia wewe, hii yenu kwa siku moja inameza fleshi za watu kibao, barua pepe zao, pasiwedi za maombi ya mkopo, vyeti vilivyoskaniwa, namba za NIDA, na hao wote hawajui kama ulinzi umezimwa, wamekaa wanakuamini tu.

Sasa kinachowachelewesha sio onyo lenyewe, ni kwamba maonyo yote mnayaona kama kitu kimoja, kumbe yako ya namna tofauti na kila moja lina majibu yake.

Kuna lile jekundu linalosema faili ni hatari. Hilo maana yake Google wanalijua faili lenyewe au tovuti inayolitoa, limo kwenye orodha yao ya tovuti na mafaili mabaya, orodha ambayo hata Firefox na Safari wanaitumia. Zamani orodha hiyo ilikuwa inakaa kwenye kompyuta yako na inahuishwa kila baada ya dakika 30 mpaka 60, lakini mwaka 2024 Google wakasema kwa wastani ukurasa mbaya unaishi chini ya dakika 10 tu halafu unatoweka, kwahiyo sa hivi Chrome inauliza seva palepale unapofungua. Likija jekundu hakuna mjadala, futa, mwambie mteja tunaitafuta fomu sehemu nyingine. Usimwonee aibu hata kama anakunja uso.

Kuna lingine ambalo sio jekundu, linasema faili linatiliwa shaka. Hapo Chrome yenyewe haina uhakika, labda faili ni jipya, labda watu wachache sana wamelipakua. Hili ndo linataka uangalie kwa makini, faili limetoka kwa nani na mteja alilipataje.

Kuna linalohusu aina tu ya faili. Ukipakua programu ya kompyuta ambayo jina lake linaishia .exe, au programu ya simu inayoishia .apk, brauza inaweza kukuuliza kabla haijaona hata kilichomo ndani, kwa sababu aina hiyo ya faili ina uwezo wa kufanya chochote ikifunguliwa. Halimaanishi faili ni bovu na halimaanishi ni zima.

Halafu kuna onyo la njia, na hili naona ndo linawasumbua sana nyie. Ukurasa umefunguka kwa https, ile yenye s, lakini linki ya faili ndani yake bado ni ya http ya zamani isiyofungwa. Tangu mwaka 2020 Chrome ilianza kuyazuia mafaili ya hivo kidogo kidogo. Sababu ni kwamba njia isiyofungwa, mtu aliyekaa katikati, mfano mwenye Wi-Fi mliyojiunga nayo, anaweza kulibadilisha faili likiwa njiani na wewe usijue. Tovuti za zamani za vyuo na taasisi ndogondogo zina linki nyingi za namna hii, hazina nia mbaya, zimeachwa tu. Dawa yake: nakili anwani ya hilo faili, ibandike juu, ongeza s baada ya http, bonyeza enta. Mara nyingi linashuka bila kelele. Likikataa na ni fomu ya PDF ya kusoma na kujaza, na tovuti mmeiandika wenyewe kwa mkono, hapo unaweza kuliruhusu hilo moja. Programu usiiruhusu kamwe kwa njia hiyo.

Na hapa nakupa kipimo ambacho kitakuokolea muda kuliko kuzima ulinzi. Fomu na barua karibu zote ni PDF, na Chrome haina ugomvi na PDF kwa sababu ya aina yake. Kwahiyo mteja akisema ni fomu ya ajira halafu Chrome ikagoma, na sio lile onyo la njia, swali la kwanza ni hiki kilichoshuka kweli ni fomu? Tazama herufi za mwisho za jina. Bahati mbaya Windows inazificha, yaani faili linaitwa fomu_ya_ajira.pdf.exe wewe unaona fomu_ya_ajira.pdf na picha ya PDF juu yake. Fungua folda yoyote, nenda View, kwenye Windows 11 pita Show, weka tiki File name extensions. Fanya hivo kwenye kompyuta zote tatu leo hii. Ukiona barua ya ajira inaishia .exe au .scr au .js hiyo sio barua, ni programu.

Pia angalia ilikotoka. Anwani za serikali ya Tanzania zinaishia .go.tz, na kuishia nakosema ni kabla ya mkwaju (/) wa kwanza ukiacha ile miwili ya https://. Jina linaweza kuanza na necta likaweka vistari na maneno matamu halafu likaishia .xyz, hiyo sio ya baraza la mitihani hata iwe na nembo kubwa ya bibi na bwana. Wateja wanaandika "matokeo" kwenye gugo wanabonyeza la juu kabisa, na la juu kabisa mara nyingine ni tangazo la kulipia.

Nikuambie kilichowahi kutokea. Steshenari moja, sio ya kwenu na siitaji, walizima ulinzi kama anavyotaka bosi wako. Ikashuka programu moja kutoka tovuti ya kupakulia nyimbo, ikajikopi kwenye kila fleshi iliyochomekwa. Dada mmoja wa chuo akaleta ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo ichapwe, akatoka, kufika nyumbani folda zote zimekuwa vijimshale vya njia ya mkato. Alikuja kwangu analia. Yake tuliipata, mafaili yalikuwa yamefichwa tu na amri ya attrib iliyarudisha, lakini kabla yake fleshi ile ile alikuwa ameshaichomeka kwenye laptopu ya kaka yake na ya mwalimu wake. Wiki nzima nilikuwa nasafisha fleshi za watu waliopita duka moja, na mpaka leo nina hakika wako ambao hawakujua waje.

Kwa hiyo mpelekee bosi mpango huu badala ya kuzima. Tengenezeni kwenye kila kompyuta orodha ya tovuti mnazozifungua kila siku, NECTA, bodi ya mikopo, ajira, BRELA, TRA, ziwe pale juu kwenye brauza, mteja akifika unabonyeza tu, hakuna kutafuta. Hiyo peke yake itapunguza maonyo zaidi ya nusu kwa jinsi ninavyoona kazi yenu. Pili, kompyuta za wateja zitumie akaunti ya kawaida isiyo ya msimamizi, ili hata kitu kikiponyoka kisiweze kujisimika mpaka ndani. Na ulinzi uacheni kwenye ule wa kawaida, tena ukiweza weka ule ulioongezwa (Enhanced protection). Likitokea faili mnaloliamini kweli, unaliruhusu hilo peke yake kwenye orodha ya vilivyopakuliwa. Ulinzi unaubakiza kwa ajili ya mafaili mengine yote.

SWALI: Mwanangu Fundi, mimi ni mstaafu, nakaa Ujiji. Kwenye kundi letu la wastaafu la WhatsApp mtu kaweka linki anasema wote tufanye uhakiki wa pensheni kwa kupakua programu, asiyefanya malipo yatasimama. Nimebonyeza, simu imeniambia faili linaweza kudhuru kifaa, napakua au naacha? Mjukuu anasema simu za Android ndo zinavyosema kila siku, nipakue tu. Nimeona nikuulize kwanza. (Mzee wa Ujiji)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Umefanya la maana sana kuuliza. Acha, na kama limeshashuka lifute, usilifungue.

Mjukuu hajakosea kabisa, na hapo ndipo penye mtego. Kwenye Android, Chrome inatoa neno hilo kwa karibu kila faili la APK, liwe safi au liwe chafu, kwahiyo watu wamelizoea kama mlio wa jenereta, hawalisikii tena. Onyo hilo halikwambii programu hii ni mbaya. Linakwambia tu kwamba hiki ni kitu chenye nguvu ya kusimika mambo ndani ya simu na mimi brauza siwezi kukuhakikishia. Kwahiyo kinachobaki ni wewe kumjua aliyekitoa, na hapa aliyekitoa ni nani? Mtu kwenye kundi ambaye naye katumiwa na mtu.

Kuna lango la pili. Kuanzia Android 8 ya mwaka 2017, ukitaka kusimika programu kutoka nje ya Play Store, simu inakuuliza kama unairuhusu Chrome au WhatsApp kusimika programu zisizojulikana. Hapo ndo pa kusimama kabisa. Matapeli wanaandika maelekezo mazuri kabisa, bonyeza hapa, washa hapa, rudi nyuma, mpaka unafungua lango mwenyewe kwa mkono wako. Ikishaingia itaomba ruhusa ya kusoma meseji, na ukikubali inaona namba za siri za muda zinazotumwa na benki na za pesa za simu. Hapo hawahitaji tena kukupigia.

Uhakiki wa kweli, mzee wangu, nenda ofisini kwa miguu yako au piga namba iliyo kwenye barua zao za zamani ulizonazo nyumbani, usipige iliyo kwenye hiyo meseji. Na ile namba iliyotuma linki kama sio ya mtu unayemfahamu, itume kwenda 15040, ni namba ya kuripoti matapeli wa simu hapa nchini.

Kama kuna mwenzenu kwenye kundi ameshasimika, mwambieni azime data sasa hivi, aingie kwenye mipangilio ya programu aiondoe, afungue Play Store kwenye Play Protect akague simu, halafu kwa kutumia simu nyingine abadilishe pasiwedi ya barua pepe, na afike kwa wakala mkuu wa mtandao wake kubadilisha namba ya siri ya pesa. Na ikigoma kuondoka, aiwahishe kwa fundi ikiwa imezimwa. Nakuomba mzee lisome hili jibu kwenye kundi, wewe watakusikiliza kuliko mimi.

SWALI: Mambo vipi Dada Fundi, mimi ni ticha Kasulu. Kuna mtu anatugawia mitihani ya zamani na majibu yake kwenye faili la zip lenye pasiwedi, pasiwedi anaitoa kwenye meseji. Chrome inalalamika. Ila nikilipakua steshenari nikalileta kwa fleshi kwenye laptopu yangu halina shida yoyote, Windows haisemi kitu. Hii inamaanisha faili ni zima si ndio? (Ticha Kasulu)

JIBU: Poa ticha. Hapana, haimaanishi hivo, na swali lako ni zuri kuliko ulivyodhani.

Anza na pasiwedi. Zip iliyofungwa, brauza na antivairasi hawawezi kuona ndani. Ni kama gunia la dagaa pale Kibirizi limeshonwa mdomo, mnunuzi mzoefu anatia mkono mpaka chini kuangalia kama kuna mchanga, sasa hili limeshonwa na muuzaji anasema chukua tu, ukifika nyumbani utafungua. Wapo wanaofunga kwa sababu halali kabisa, mfano kulinda matokeo ya wanafunzi. Ila mitihani ya zamani ambayo kila mtu anayo, kuifunga na pasiwedi ambayo anaigawa kwa kila mtu kunalinda nini? Inalinda tu faili lisikaguliwe. Ukiwa umewasha ulinzi ulioongezwa wa Chrome inaweza hata kukuomba hiyo pasiwedi ili faili likaguliwe.

Sasa la fleshi, na hili hata mafundi wengi wanalipita. Ukipakua faili kwenye Windows, brauza inaligonga muhuri usioonekana unaosema hili limetoka intaneti. Muhuri huo ndo unaoifanya Windows ikuulize kabla ya kufungua, na ndo unaoifanya Word ifungue hati kwa kusoma tu kwanza, na tangu mwaka 2022 Microsoft walianza kuzuia makro (amri ndogo zinazojiendesha ndani ya hati) kwenye hati zenye muhuri huo. Lakini muhuri unakaa kwenye diski za mfumo wa NTFS peke yake. Fleshi nyingi tulizonazo ni FAT32 au exFAT, mfumo ambao hauna mahali pa kuuweka, kwahiyo ukikopi tu kwenye fleshi muhuri umebaki steshenari. Faili ni lile lile. Kilichopungua ni ile kumbukumbu ya lilikotoka.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu mkoa wetu mafaili yanasafiri kwa fleshi kuliko kwa bando. Fleshi inapanda boti hapo Kibirizi inashuka Kagunga, mwalimu wa kule anafungua laptopu iko kimya kabisa, anaona kimya ni usalama. Ukimpelekea mwenzako faili uliloonywa, mwambie kwa mdomo kwamba uliliona onyo.

Cha kufanya na hiyo zip: kuna tovuti inaitwa VirusTotal, ni ya Google tangu 2012, ya bure, inalipitisha faili kwenye antivairasi zaidi ya sitini kwa mpigo. Zip ikiwa na pasiwedi itagonga ukuta uleule, kwahiyo ifungue kwanza, ukatoe mafaili bila kubonyeza hata moja, halafu yaangalie majina mpaka mwisho. Kama yote ni PDF na docx afadhali, kama kuna .exe inayojiita majibu umeshapata jibu. Na usile bando kupakia faili la megabaiti mia mbili. Fungua ile skrini nyeusi ya amri (Command Prompt), andika certutil -hashfile kisha jina la faili kisha SHA256, itakupa herufi na tarakimu 64, hizo ndo alama ya kidole ya hilo faili. Zibandike kwenye sehemu ya kutafuta ya VirusTotal, kama kuna mtu popote duniani aliwahi kulipakia utaona matokeo yake. Angalizo moja, ukipakia faili pale wakaguzi wengine wanaweza kuliona, kwahiyo alama za wanafunzi, mitihani isiyofanyika bado, nakala za vyeti, usipakie.

Na nikuombe kitu kama mzazi mwenye mtoto darasa la saba, mwambie huyo anayegawa atoe PDF za wazi bila kufuli. Akikataa, jiulize kwa nini.

SWALI: Dada Fundi heshima yako. Natokea Urambo Tabora, nimejifunza kuandika programu mwenyewe, nimetengeneza programu ndogo ya kuweka kumbukumbu za mizani ya tumbaku kwa chama chetu cha msingi. Nimeiweka kwenye tovuti yangu, makarani wakiipakua kwa Edge, ile brauza ya Microsoft, inasema haipakuliwi mara nyingi, wakiifungua Windows inasema imeilinda kompyuta yao. Wanaona mimi tapeli. Nimewaandikia karatasi ya kuwaelekeza wabonyeze More info halafu Run anyway. Nimekosea? (Mdogo wako wa Urambo)

JIBU: Mdogo wangu hongera sana kwa kazi, na naelewa inavyouma kuitwa mwizi na mashine. Ila ile karatasi irudishe. Karani akishazoea kubonyeza hivo kwa programu yako atabonyeza hivohivo kwa ya mwizi mwezi ujao, na kwenye kompyuta ile kuna kilo za wakulima na malipo yao.

Edge haijasema programu yako ni mbaya. Imesema haikujui. Kinachopima pale kinaitwa SmartScreen, kinatazama vitu viwili, faili hilohilo limepakuliwa na watu wangapi bila matatizo, na limesainiwa na nani. Wewe hujasaini, na kila ukirekebisha kitu ukatoa toleo jipya alama yake ya kidole inabadilika, sifa inaanza sifuri. Kwahiyo acha kutoa toleo kila siku mbili, kusanya marekebisho utoe mara moja kwa msimu. Ukipata hela nunua cheti cha kusainia programu, sifa itaanza kushikamana na jina lako hata toleo likibadilika, ila ujue hata ukisaini onyo haliondoki siku hiyohiyo. Kwa sasa lililo bure ni kuwatumia Microsoft faili lako kwenye ukurasa wao wa kukagua mafaili, wakiona safi wanarekebisha. Na kama umeitengeneza kwa Python ukaikandamiza yote ndani ya exe moja, jaribu kuitoa kama folda, hizo exe moja zinasingiziwa sana na antivairasi kwa sababu wahalifu nao wanazitumia.

Kwa makarani wako, kama wako kumi, panda pikipiki uende ukaisimike mwenyewe mbele yao. Toa pia ile alama ya SHA-256 kwenye karatasi yenye sahihi ya katibu wa chama, wailinganishe kabla ya kufungua. Hiyo ndo karatasi ya kuwapa.

SWALI: Simu yangu ikiwa kwenye tovuti ya muvi inatetemeka inasema ina virusi 13 na betri itaharibika, nipakue kisafishaji ndani ya dakika 2. Na sa hivi zinakuja hata nikiwa sijafungua kitu. Nipakue? (Dogo wa Gungu)

JIBU: Usipakue dogo. Hilo sio onyo la brauza, ni ukurasa umejichora kama onyo. Brauza haijui hali ya betri yako kuharibika na haihesabu virusi kwenye simu. Onyo la kweli la kupakua linakuja pale ulipobonyeza wewe kupakua kitu, na linakusihi uache. Hili linakuharakisha upakue, tena limewekewa saa. Zinazokuja simu ikiwa imelala ni kwa sababu siku moja ulibonyeza ruhusu pale tovuti ilipoomba kukutumia arifa. Ingia mipangilio ya Chrome, mipangilio ya tovuti, arifa, utaona majina ya ajabu yamepewa ruhusa, yazime yote usiyoyajua. Kama tayari ulishasimika hicho kisafishaji, kiondoe, halafu soma nilichomjibu mzee wa Ujiji hapo juu na ufuate vilevile.

SWALI: Dada, kompyuta yetu ya ofisi Uvinza kila tovuti inasema muunganisho sio salama, hata Google yenyewe, na hakuna faili linaloshuka. Tumebadilisha brauza mara tatu. Umeme huku unakatika sana. (Karani, Uvinza)

JIBU: Tazama tarehe pale chini kulia. Nina hakika karibu yote imerudi nyuma miaka kadhaa. Vyeti vya tovuti, yaani vitambulisho ambavyo tovuti inaionyesha brauza, vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kompyuta ikidhani tuko mwaka 2015 inaona kila cheti bado hakijaanza kufanya kazi, basi inakataa kila kitu, na brauza haina kosa hapo. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, CR2032, ndo inashika saa umeme ukikatika, yenu imekufa. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua, itoe, weka mpya upande ule ule wenye alama ya kujumlisha uangalie juu. Washa, weka tarehe, chagua saa za Nairobi ambazo ndo zetu, kisha fungua brauza upya. Na msiwe mnabonyeza "endelea hata hivyo" kwenye tovuti ya benki kabla hamjaibadilisha hiyo betri.